Kabla Hujailaumu Betri: Mwongozo wa Viungio vya Sola Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Sola ikianza kuzimika saa mbili usiku badala ya saa tano, mshtakiwa wa kwanza huwa betri. Huuzwa kwa bei ya chakavu, ikanunuliwa nyingine Mbinga mjini au Songea, na baada ya miezi michache kesi inaanza upya. Safari hii lawama humwangukia muuza paneli. Mwongozo huu unasimamia hoja moja: betri na paneli mara nyingi hushtakiwa kwa kosa la kitu cha tatu, kidogo na cha bei ndogo, ambacho wanunuzi wengi hawakiulizii dukani. Hicho ni kiungio, yaani kila mahali waya unapokutana na waya mwenzake, na skrubu, au na kichwa cha betri. Kiungio ni kifaa kamili cha mtambo. Kinastahili kuchaguliwa, kufungwa kwa zana yake na kukaguliwa kwa wakati unaojulikana. Ukifanya hivyo, utakuwa umezuia hitilafu nyingi kwa gharama ndogo kuliko ya betri moja.

Tuanze na sababu. Chuma kikigusana na chuma, hata kama vinaonekana kushikana barabara, mkondo hupita kwenye vidoa vichache tu ambapo nyuso mbili zimekutana kweli. Vidoa hivyo vikiwa vingi na safi, ukinzani huwa mdogo mno. Kiungio kizuri cha MC4, ile plagi nyeusi iliyo mwisho wa waya za paneli nyingi, huwa na ukinzani usiofika nusu ya milioma moja (milioma ni sehemu ya elfu ya oma). Mkondo wa ampea 10 ukipita hapo, joto linalotoka halifiki hata sehemu ya kumi ya wati. Hesabu yake ni mkondo mara mkondo, kisha mara ukinzani. Sasa chukulia pini imebanwa vibaya au imeota kutu hadi ukinzani ukafika milioma 100. Ampea zile zile 10 zitatoa wati 10 za joto ndani ya plastiki iliyo nene kama kidole gumba. Joto hilo hulegeza chuma kinachoibana pini na kuharakisha kutu. Ukinzani unapanda, na joto linapanda nao. Ndiyo maana kiungio kibovu hakitengemai chenyewe: kila siku ya jua kali hukiharibu zaidi.

Muda mrefu kabla ya moshi kuonekana, hasara huwa imeshaingia kwenye chaji. Betri ya asidi ya volti 12 inahitaji takriban volti 14.4 ili ijae. Paneli ndogo ya seli 36 hutoa volti 18 hivi ikipimwa maabara kwa nyuzi 25, lakini seli zikipata joto la nyuzi 60 juu ya bati, kama inavyotokea mchana wa Mbamba Bay au Liuli, volti hizo hushuka hadi 15 na ushei. Akiba iliyobaki ni volti moja tu. Viungio viwili vitatu vilivyolegea vikila volti hiyo, betri haitajaa kamwe, hata jua liwake kutwa. Betri ya asidi isiyojaa kwa wiki nyingi hujenga tabaka gumu la salfeti kwenye sahani zake na kufa kabla ya wakati. Aliyenunua betri mpya bila kugusa viungio amenunua mgonjwa mwingine wa ugonjwa ule ule.

Ushahidi wa nchi zilizotangulia kufunga sola kwa wingi unaelekea upande huu huu. Ujerumani, watafiti wa Fraunhofer ISE na TÜV Rheinland walichunguza mioto iliyohusishwa na sola na kukuta kwamba ni michache sana ukilinganisha na wingi wa mitambo, lakini pale mtambo wenyewe ulipokuwa chanzo, makosa ya ufungaji na viungio vilivyofungwa papo hapo juu ya paa vilijitokeza waziwazi. Uingereza, uchunguzi wa taasisi ya BRE ulitaja swichi za kukatia umeme wa DC, yaani ule wa paneli na betri, pamoja na viungio miongoni mwa vyanzo vikuu. Tuyapokee matokeo hayo kwa kipimo chake: hayasemi kwamba sola ni hatari kuliko karabai au jenereta. Yanasema kwamba ndani ya mtambo wa sola, hatari hukaa kwenye maungio kuliko kwenye kioo cha paneli.

Umeme wa DC una tabia inayozidisha jambo hili. Umeme wa TANESCO hugeuza mwelekeo, na kwa kufanya hivyo hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, hivyo cheche ikizuka hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa paneli na betri haupiti sifuri. Nafasi ndogo ikifunguka kati ya pini na tundu lake wakati mkondo unapita, cheche inaweza kuendelea kuwaka na kuyeyusha kila kilicho karibu. Kwa hiyo usichomoe kiungio cha paneli wakati mtambo unafanya kazi. Zima kwanza matumizi na chaji, kata swichi ya upande wa paneli, ndipo uguse plagi. Swichi hiyo nayo iwe imeandikwa kwamba ni ya DC na kwa volti zako. Swichi ya ukutani iliyotengenezwa kwa umeme wa gridi inaweza kushindwa kuizima cheche ya DC.

Hapa kwetu kuna jambo la kalenda. Kahawa ya Umatengo huvunwa wakati wa kiangazi, na fedha zake zikifika ndipo nyumba nyingi hupata uwezo wa kununua vitu vikubwa, sola ikiwamo. Mtambo uliofungwa Agosti au Septemba huanza maisha yake katika miezi mikavu, ambapo hata waya mbili zilizosokotwa na kuzungushiwa tepu nyeusi hufanya kazi bila tatizo. Mvua huja Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na kwenye milima ya Litembo na Maguu ukungu na baridi hubaki hata baada ya mvua kukatika. Kiungio kinafanya mtihani wake wa kwanza miezi kadhaa baada ya fundi kulipwa na kuondoka. Ndiyo sababu kauli ya “mbona ilikuwa inawaka vizuri” haithibitishi chochote kuhusu ubora wa kazi iliyofanyika kiangazi.

Mtu wa mwambao anaweza kupinga kwamba Ziwa Nyasa ni maji baridi, na kutu ya chumvi ni shida ya Zanzibar na Mtwara. Ni kweli kwamba ziwa halina chumvi ya bahari, na hilo ni nafuu. Lakini katika umeme wa DC, unyevu wa kawaida unatosha. Maji yakikaa kati ya upande chanya na upande hasi, mkondo mdogo hupita ndani yake na kuula polepole ule upande chanya, hadi shaba inageuka unga wa kijani. Umande wa alfajiri, mvua inayosukumwa na upepo na vumbi lililolowa vinaweza kuanzisha kazi hiyo. Pia kuna upepo wa kusi wa miezi ya baridi, ambao Malawi ng'ambo ya ziwa huitwa mwera. Upepo huo hutikisa kila waya unaoning'inia, na mtikisiko wa kila siku hulegeza kiungio hata kama hakijapata tone la maji.

Sasa tuje kwenye kuchagua. MC4 ni muundo wa kampuni ya Uswisi iliyoitwa Multi-Contact, ambayo leo ni sehemu ya Stäubli. Tarakimu 4 inahusu pini ya milimita nne. Viwanda vingine vingi hutengeneza plagi zinazofanana nayo, na zinaingiliana kwa mlio ule ule wa kujifunga. Tatizo liko hapo. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62852 kinaeleza jinsi kiungio kinavyopaswa kupimwa, lakini hakilazimishi viwanda vyote vifuate vipimo vilevile vya pini na tundu. Tofauti ndogo isiyoonekana kwa macho, au madini tofauti yaliyopakwa juu ya pini, inatosha kupunguza mguso au kuacha upenyo wa maji. Muuzaji akisema “zinaingiliana zote,” anachokisema ni kwamba zinachomekana. Kiwanda hupima dume na jike vyake vyenyewe, na ahadi yake inaishia hapo. Kanuni yako iwe rahisi: kila jozi, dume na jike, itoke kiwanda kimoja na aina moja.

Utaitimizaje kanuni hiyo mahali ambapo duka lina aina moja tu ya plagi? Dawa nzuri ni kununua paneli na waya za kurefushia pamoja, siku moja na kwa muuzaji mmoja, huku ukilinganisha jina lililochongwa kwenye plagi za paneli na jina la zile unazopewa. Ukikosa kabisa, plagi ya paneli inaweza kukatwa na kufungwa jozi mpya ya kiwanda kimoja, lakini uliza kwanza kama kukata huko kunafuta dhamana ya paneli. Plagi isiyo na jina la kiwanda, ampea, volti wala alama ya kinga ya maji, kama IP67, iache dukani. Beba pia sumaku ndogo: pini nzuri ni ya shaba iliyopakwa bati au fedha, na sumaku haitaivuta. Pini inayonaswa na sumaku ina chuma cha kawaida ndani, nayo itaota kutu.

Baada ya kuchagua, kazi inahamia kwenye mkono wa fundi. Waya wenyewe uwe ule wa duara wa sola, wenye ganda linalostahimili jua, wa milimita za mraba 4 au 6 kwa mitambo mingi ya nyumbani. Waya bapa wa ndani ya nyumba haufai juu ya paa kwa sababu mbili: jua hupasua ganda lake, na mpira wa duara ulio ndani ya plagi hauwezi kuuzunguka ukaziba, kwa hiyo maji huingia hata kama nati imekazwa kwa nguvu zote. Ganda livuliwe bila kukata hata uzi mmoja wa shaba, nyuzi zote ziingie kwenye pini, kisha pini ibanwe kwa koleo maalumu ya kubania pini za MC4. Plaizi ya kawaida huibonyeza pini upande mmoja na kuacha hewa katikati ya nyuzi. Hewa hiyo baadaye huleta kutu. Baada ya kubana, fundi avute waya kwa nguvu ya mkono: ukichomoka, umeokoa paa. Pini isukumwe ndani ya plastiki hadi ijifunge, na nati ya nyuma ikazwe kwa spana zake. Usipake grisi wala mafuta ndani ya plagi, kwa kuwa baadhi ya mafuta hudhoofisha plastiki na mpira wake.

Pingamizi la gharama ni la kweli, na halijibiwi kwa kulipuuza. Koleo hiyo ni ghali kwa mtu anayefunga paneli moja. Lakini mwenye nyumba hana haja ya kuinunua, ni zana ya fundi, na swali la kwanza kabla ya kukubaliana bei liwe “unayo koleo ya MC4? Nionyeshe.” Mafundi wawili watatu wa kata moja wanaweza kuchangia moja. Asiyempata fundi mwenye koleo anaweza kununua waya uliokwisha kufungwa plagi kiwandani, apunguze viungio vya kufungwa kwa mkono hadi vibaki vichache kabisa. Hiyo ni kanuni nyingine: kiungio ambacho hakipo hakiharibiki. Sogeza kontrola, kifaa kinachosimamia chaji, pamoja na betri karibu na paneli, pima urefu wa waya kabla ya kununua, na usikubali waya uliounganishwa vipande vipande.

Mahali pa kiungio pana uzito sawa na ubora wake. Plagi isilale juu ya bati, ambapo mchana huungua na wakati wa mvua huogelea. Ifungwe chini ya paneli, kivulini, kwa vifungo vinavyostahimili jua. Kamba nyeupe za plastiki za bei ndogo huweza kukatika mapema na kuiangusha plagi batini. Waya uachwe ushuke kidogo chini ya plagi kila upande, ili tone la maji lidondokee hapo badala ya kutiririka hadi kwenye nati. Waya usivutwe wala kukunjwa karibu na plagi. Ikiwa kazi haitaisha siku hiyo, midomo ya plagi ifunikwe, maana vumbi, sisimizi na wadudu wa ziwani wanaopaa kama wingu hawasubiri fundi arudi kesho.

Wapo watakaosema kwamba mtambo wa taa tatu, volti 12, hauwezi kuchoma kitu. Paneli ndogo kweli hutoa ampea chache, lakini volti ndogo zina upande wa pili: kupata wati nyingi kwa volti 12 lazima mkondo uwe mkubwa. Inveta ya wati 600 huvuta zaidi ya ampea 50 kutoka kwenye betri. Kichwa cha betri chenye ukinzani wa milioma 10 tu kitatoa wati 25 za joto kwa mkondo huo, na nusu ya volti itapotea hapo hapo. Betri yenyewe inaweza kutoa mamia ya ampea kwa dakika chache waya zikigusana. Kwa hiyo fyuzi ikae karibu na kichwa chanya cha betri, waya wa inveta uwe mnene na mfupi, na mwisho wake ufungwe kichwa cha shaba kilichobanwa, chenye tundu la bolti. Kwenye kontrola, usiloweshe ncha ya waya kwa risasi ya kuchomelea kabla ya kuifunga kwa skrubu: risasi ni laini, huendelea kujibonyeza polepole, na skrubu hubaki imelegea. Vichwa vya betri visuguliwe hadi ving'ae, vikazwe, ndipo vipakwe mafuta ya mgando kwa nje ili kuzuia unyevu.

Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa za betri wanahitaji neno lao. Betri inayopanda na kushuka mtumbwini kila siku hufungwa na kufunguliwa mara nyingi kuliko ya nyumbani, na vibanio vya meno vinavyong'ata kichwa cha betri hugusa kwa ncha chache tu. Badala yake, acha waya mfupi wenye fyuzi umefungwa daima kwa bolti kwenye betri, mwisho wake uwe na plagi nene ya betri yenye mguso mpana, na taa iwe na mwenzake wa plagi hiyo. Unachochomeka na kuchomoa kila siku ni plagi, na taa iwe imezimwa unapofanya hivyo. Ikirushiwa maji, ikaushwe kabla ya chaji ya asubuhi.

Ukaguzi ufuate majira. Mara ya kwanza iwe wiki chache baada ya kufunga, kwa kuwa nyuzi za shaba hujipanga upya chini ya skrubu na kuacha ulegevu. Baada ya hapo kagua kila Oktoba kabla ya mvua, na kila Mei zikishakatika. Tafuta plastiki iliyobadilika rangi au umbo, unga wa kijani au mweupe, nati iliyolegea, waya ulioguswa na panya. Kisha chukua multimita. Saa sita mchana, betri ikiwa inapokea chaji kwa nguvu, pima volti mwisho wa waya wa paneli kwenye kontrola, halafu kwenye kontrola upande wa betri, halafu kwenye vichwa vya betri vyenyewe. Kati ya kontrola na betri ya volti 12, tofauti ikizidi sehemu tatu au nne za kumi za volti, kuna kiungio au waya unaokula umeme wako. Ziandike namba hizo kwenye daftari; zinapobadilika mwaka unaofuata, ndizo zitakazokuonya mapema. Kama paneli zako zimeungwa mfululizo na volti zimepanda kufikia mia na zaidi, mwachie kipimo hicho fundi mwenye leseni ya EWURA, kwa sababu volti hizo za DC zinaua.

Mwisho kuna hoja kwamba gridi imefika. Njia ya kilovolti 220 ya Makambako hadi Songea ilikamilika mwaka 2018, na umeme wa taifa ukafika Mbinga. Lakini nyumba nyingi za vitongoji vya milimani na za mwambao zingali zinategemea sola, na zilizounganishwa nyingi zimeiacha kama akiba. Sola ya akiba ndiyo inayosahaulika zaidi, na siku gridi inapokatika ndipo inadaiwa mzigo wote kwa mpigo kupitia viungio ambavyo havijaguswa kwa miaka. Kwa hiyo masharti yaingie kwenye makubaliano tangu mwanzo. Bakiza sehemu ya malipo ya fundi hadi atakapokuonyesha jina moja kwenye kila jozi ya plagi, akavuta kila waya mbele yako, akakuandikia volti za sehemu zile tatu na kukuachia mchoro wa mtambo. Bila hayo kazi haijakamilika, hata kama taa zote zinawaka.